Vidonda vya Chumba Namba Tisa

Mwanamke ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Shashi hakuwa na wivu. Ungemuuliza mwenyewe angekuambia. Alikuwa na macho tu, na macho, alisema, Mungu hakumpa ili atazame ukuta. Kama macho hayo yalimpitisha kila asubuhi mbele ya ofisi mpya ya utafiti, wakati chumba chake kilikuwa upande wa pili kabisa wa korido, basi hilo lilikuwa jambo la miguu, tusimsingizie.

Chumba chake kilikuwa namba tisa, mwisho wa wodi ya upasuaji, karibu na mlango wa nyuma unaotokea kwa dobi. Kilikuwa na kitanda kimoja chenye mpira mweusi uliopasuka pembeni, kigoda cha chuma, bomba lisiloacha kudondoka, na kitoroli ambacho gurudumu lake moja lilikuwa na akili zake. Humo alifunga vidonda vya watu kwa miaka ishirini na minne. Alianza kazi akiwa mfagiaji wa wodi, akapandishwa kushika beseni, akafundishwa kukunja shashi, kile kitambaa chepesi cheupe cha kufunikia kidonda, kisha akapelekwa kozi na kurudi na cheti. Jina lilikuja lenyewe.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa pua. Madaktari wenye vyeti vya kujaza ukuta walimwita pembeni ya kitanda wakamwambia, "Mama, hebu nisaidie hapa." Angeinama, angenusa, angesema, "Hiki kimeanza kuoza," au, "Bado, hili ni jasho tu," na daktari angeandika hivyohivyo kana kwamba amegundua mwenyewe.

Wagonjwa waliporudi makwao waliondoka na namba yake ya simu. Hakuigawa; walipeana wao kwa wao. Kidonda kikimsumbua mtu, hakumtafuta daktari aliyempasua. Alimtafuta Mama Shashi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kupitia mlango wa nyuma, kabla ya foleni ya watu wenye kadi. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yake yote duniani: mtu akiumia, alimfikiria yeye kwanza. Wengine wana mashamba.

Sasa ukaja utafiti. Daktari bingwa wa upasuaji, mtu mrefu, mpole, asiyeweza kupita mlangoni bila kuinama, alitaka kujua jambo ambalo ukilisikia unaliona dogo. Mtu akishapasuliwa tumbo, kabla ya kushonwa, je, wote wanaomhudumia wakivua glavu zao wakavaa nyingine, wakachukua na vyuma vipya vya kushonea, kidonda chake kitapona vizuri zaidi kuliko wakiendelea na zilezile zilizokwishaingia tumboni? Wagonjwa mia tatu na ishirini wangegawanywa kwa kura. Bahasha ingefunguliwa mtu akiwa tayari amelala kwa dawa ya usingizi. Nusu wabadilishiwe, nusu wasibadilishiwe. Baadaye kila mmoja angefuatwa kwa simu hadi siku ya thelathini, na anayepiga simu asijue kura ya mtu ni ipi, maana binadamu akijua anachokitaka, hukiona hata pasipokuwepo.

Kwa hiyo alihitajika mtu mmoja wa kuvifuatilia vidonda.

Mama Shashi aliposikia hivyo aliipiga pasi sare yake mara mbili, akasubiri kuitwa. Alisubiri wiki nzima. Aliyeitwa ni muuguzi wa miaka ishirini na saba, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika kibano, tena si zamani, mikono ikimtetemeka mpaka pamba ikamdondokea kiatuni. Akapewa ofisi yenye feni, birika la umeme, kiti kinachozunguka, na kishikwambi cha kuingizia taarifa, ambacho hakukiacha hata alipokwenda kunawa mikono. Mama Shashi akambatiza Kishikwambi siku ileile, na kabla ya chai ya saa nne jina lilikuwa limeenea wodi nzima.

"Ni mambo ya kompyuta, mama," bingwa alimweleza walipokutana kwenye korido. "Fomu zote zinaingia mle. Sikutaka kukuchosha."

"Sijachoka, daktari."

"Najua, mama. Najua."

Wala hakujua. Neno lile, kukuchosha, lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Wivu ni kidonda, watu husema, na huyu aliyevinusa vya wenzake miaka yote hiyo hakukinusa cha kwake.

Kilichomkera zaidi ni kwamba binti hakuwa na ubaya wowote. Angekuwa na maringo, kazi ya kumchukia ingekuwa nyepesi. Lakini shikamoo yake ilikuwa ya kuinama, na kila siku saa nne alimletea Mama Shashi kikombe cha chai kutoka kwenye birika lile la umeme. Siku ya kwanza Mama Shashi alikimwaga kwenye sinki. Siku ya pili alikinywa, mlango ukiwa umefungwa, akakuta ni kitamu kuliko chai yake mwenyewe. Hilo nalo akaliweka moyoni.

Mwezi wa pili wa utafiti, asubuhi moja, alikuja mwashi. Alikuwa amepasuliwa utumbo wiki mbili nyuma, na sasa alilala kwenye kitanda cha chumba namba tisa, shati limepandishwa hadi kifuani. Mama Shashi alikuwa amemkata nyuzi tatu, na usaha ulikuwa ukishuka kwenye beseni taratibu, wa kijani, wenye harufu ya kumkimbiza paka. Mwashi aliuma kola ya shati lake asipige kelele. Simu yake ikalia. Akaitoa mfukoni, akajifuta jasho, akapokea.

"Haloo. Nzuri, binti, nzuri. Za huko? … Nyumbani salama kabisa. … Kidonda? Aa, salama, tunamshukuru Mungu. … Maji? Hapana, hapana. … Homa, hapana, binti, salama tu. Haya, asante sana. Msalimie daktari."

Akairudisha simu mfukoni, akaiuma tena kola.

Mama Shashi alikuwa ameshikilia kibano hewani. "Huyo alikuwa nani?"

"Yule binti wenu wa hapa hapa. Ana adabu sana, mtoto yule. Kila wiki ananisalimia."

"Na mbona hukumwambia habari ya usaha?"

Mwashi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hatembei uchi sokoni. "Mama nawe! Mtu amekupigia simu akujulie hali, wewe umtwishe usaha? Tena mtoto wa kike, sauti ndogo vile. Haya si nimekuletea wewe?"

Mambo mawili yalimwingia Mama Shashi kwa pamoja. La kwanza, utafiti mzima ulikuwa na tundu. Binti aliuliza habari za kidonda kwa sauti ileile aliyoulizia habari za nyumbani, na mtu aliyelelewa vizuri anajua jibu la habari za nyumbani. Anajibu hivyo hata kama nyumba inaungua. Ukitaka mtu akwambie anachoumwa, lazima mwulize mara ya tatu, umwulize amelalia ubavu gani, umwulize shati linagandia wapi, umwulize aliyekaa naye. Yeye aliyajua hayo kama ajuavyo mfuko wa sare yake. Wataalamu wale walipanga kila kitu, kura, bahasha, fomu, simu. Hawakukumbuka tu kwamba vidonda vikioza vinakwenda chumba namba tisa.

La pili lilikuwa tamu. Haya si nimekuletea wewe.

Kutoka pale hadi ofisi ya utafiti ilikuwa ni korido moja. Angekwenda akamwambia binti, "Mwanangu, hivyo sivyo wanavyoulizwa." Dakika mbili zingetosha. Badala yake alimaliza kumfunga mwashi, akanawa, akafungua mtoto wa meza na kutoa daftari la shule lenye jalada la bluu, ambalo alikuwa hajalitumia. Ukurasa wa kwanza akaandika: Namba moja. Mwashi. Tarehe. Usaha mwingi. Kwenye simu amesema salama.

Tangu siku hiyo kila aliyeingia kwa mlango wa nyuma na kidonda kilichooza aliulizwa kwanza, "Yule binti amekupigia? Umemwambiaje?" Waliosema wamemweleza ukweli, hakuwaandika; hao walikuwa wa Kishikwambi. Waliosema wamemjibu salama, aliwaandika, tena kwa mwandiko mzuri. Akawafunga vizuri pia, tusimnyime haki yake. Hakuna aliyeondoka chumba namba tisa bila kupata nafuu. Ila kwenye kompyuta ya utafiti, wote hao walikuwa buheri wa afya.

Mwezi wa nne binti alikuja mwenyewe, bila kishikwambi, akaketi kwenye kigoda cha chuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umekitupa wapi kile kitoto chako?"

Binti akacheka kidogo, kisha uso ukashuka. "Mama, nataka unisaidie. Vidonda ninavyovipata vimeoza ni vichache mno. Bingwa anafurahi, anasema wodi yetu ni safi. Lakini mimi nakumbuka nilivyokuwa hapa na wewe. Tulikuwa tunaviona vingi zaidi. Kuna kitu nakosea?"

Mtu akikaa na njaa kwa miezi minne, akiletewa sahani hali kwa adabu. Mama Shashi aliisikia raha ikimpanda kutoka miguuni. Mtoto amekwama. Mwenye feni na kiti cha kuzunguka amekuja kwa mwenye kigoda. Daftari la bluu lilikuwa hapo hapo, kwenye mtoto wa meza, sentimita chache kutoka kwenye goti la binti.

"Hukosei kitu, mwanangu," alisema. "Una moyo wa wasiwasi tu. Endelea hivyohivyo."

Binti alimshukuru kwa mikono miwili. Aliposhika mlango akageuka. "Basi kama wewe umesema, nimetulia." Akaenda zake, na Mama Shashi akabaki akikunja shashi kwa kasi zaidi kuliko ilivyohitajika.

Mwezi wa sita, kamati ya wataalamu wa nje ilikaa kutazama hesabu za nusu ya njia, wagonjwa mia moja na sitini. Bingwa aliwaeleza watu wa wodi kilichotokea, maana hakuwa mtu wa kuficha mambo. Upande wa waliobadilishiwa glavu, vidonda vilivyooza vilikuwa vinne. Upande wa wasiobadilishiwa, vitano.

"Ni sawa na hakuna tofauti," alisema. "Kwa hiyo tunaendelea na kura. Wangeona tofauti kubwa, tungesimamisha siku hiyohiyo, na kila anayepasuliwa angebadilishiwa. Si haki kumpigia mtu kura kwenye jambo ambalo jibu lake unalijua."

Mama Shashi alikuwa amesimama nyuma, kitoroli mkononi. Masikio yake yalikuwa mazima. Kwenye daftari lake walikuwamo watu kumi na saba. Hakujua kura zao, na alijiambia kwamba kwa kuwa hakuzijua, hazikumhusu. Tena alikwishaipanga siku yake. Siku ya matokeo, ukumbi umejaa, binti amesimama mbele na picha zake za ukutani, yeye angeinuka kutoka kiti cha nyuma na kusema, "Samahani, daktari, naomba neno moja." Alilifanyia mazoezi neno hilo mbele ya kioo cha bafuni. Alijaribu kulisema kwa unyenyekevu, akajaribu kwa huzuni, mwisho akaona unyenyekevu unampendeza zaidi.

Sasa alikuwa na mdogo wake, msusi, mwenye kibanda cha kusukia nywele mtaa wa pili. Mama yao alifariki msusi akiwa na miaka sita, na Mama Shashi, wakati huo msichana wa miaka kumi na tisa mwenye fagio mkononi, alimbeba mgongoni hadi alipokuwa mzito asibebeke. Alimlea, akamsomesha alipoweza, akamwoza, akampokea ndoa ilipovunjika. Huyu ndiye mtu pekee duniani aliyeweza kumwambia Mama Shashi ananuna kama mbuzi na akatoka salama.

Mwezi wa kumi na moja msusi alishikwa na tumbo. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Alipoletewa karatasi ya kuombwa kuingia kwenye utafiti, hakuisoma hadi mwisho. "Si utafiti wa hapa kwenu, dada? Nipe kalamu." Bahasha ikafunguliwa akiwa amelala.

Siku ya sita Mama Shashi alikwenda kumtazama wodini. Alikuwa bado mlangoni pua yake ilipomwambia. Alitembea hatua zilizobaki akitumaini kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minne pua imekosea. Haikukosea. Alimkata nyuzi mwenyewe, kidonda kikafunguka kuanzia chini ya kitovu, na tangu hapo kila asubuhi msusi alikuja kwa mlango wa nyuma kukijaza shashi. Ilikuwa kazi ya wiki nyingi. Kusuka ni kusimama, na kusimama hakuweza. Wateja wake wakaanza kusukwa kibanda cha jirani.

Simu za kila wiki msusi hakuwa amezipokea; ya siku ya thelathini ililia akiwa kitandani, chumba namba tisa. Akaitazama, akaifunika kwa kiganja.

"Dada, ni yule binti wa utafiti. Nimwambie?"

Ingetosha kusema ndiyo. Lakini Mama Shashi aliyaona yote kwa mara moja: Kishikwambi akija mbio, akivaa glavu, akimwinamia mdogo wake, mdogo wake wa mgongoni, akimwuliza kwa ile sauti yake ya asali. Akaona daftari likiulizwa kabla ya siku yake. Zilibaki wiki chache tu.

"Mwambie salama," alisema. "Ya kwetu tutayamaliza wenyewe."

Msusi akapokea simu, akasema salama. Mama Shashi akaandika namba thelathini na moja.

Siku ya matokeo ukumbi mdogo ulijaa. Binti alisimama mbele, sauti ikimkauka, akaonyesha picha zake ukutani: waliobadilishiwa glavu, vidonda saba vilivyooza, wasiobadilishiwa, vinane. Bingwa akashusha pumzi. Alisema basi, wamejifunza, jambo hili halina faida, glavu zile na vyuma vile vya ziada virudishwe stoo, na wodi irudie utaratibu wake wa zamani.

"Samahani, daktari," ilisema sauti kutoka nyuma. "Naomba neno moja."

Ilikuwa kama alivyoipanga, hata bora. Shingo zote ziligeuka. Alitembea hadi mbele akiwa ameshika daftari kifuani, akasema kwa unyenyekevu wake wa kioo cha bafuni kwamba yeye hana kompyuta, yeye ni mfunga vidonda tu, lakini anao watu thelathini na mmoja ambao vidonda vyao vimeoza mikononi mwake, na kwenye simu wote walisema salama. Ukumbi ukaguna. Alimtazama binti. Binti alikuwa ameshika kingo za meza.

Bingwa aliagiza orodha ya kura iletwe, akavaa miwani, akaanza kuyalinganisha majina, moja baada ya jingine, akiweka alama kwa penseli. Ilichukua muda mrefu. Mama Shashi alisimama palepale mbele, na kila alama iliyowekwa aliisikia kama makofi.

"Ishirini na nne," bingwa alisema hatimaye, "hawakubadilishiwa. Saba walibadilishiwa." Akavua miwani. "Jamani, glavu zinasaidia. Zinasaidia sana. Tulikuwa karibu kuzitupa."

Watu wakaanza kusema kwa pamoja. Mtu mmoja akapiga makofi kweli, na Mama Shashi akafumba macho kidogo ayaonje. Alipoyafumbua, bingwa alikuwa amerudi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

"Mama, huyu mwashi. Hii tarehe ni ya mwezi wa pili wa utafiti?"

"Ndiyo, daktari."

"Mwezi wa pili." Akageuza kurasa polepole, akahesabu kwa kidole. "Kamati ilipokaa, ulikuwa na watu kumi na saba. Kumi na tatu kati yao hawakubadilishiwa." Alikuwa mtu mpole, na alilisema kwa upole, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Tungekuwa na daftari hili siku ile, kura ingesimama siku ile. Baada ya hapo wameoza wengine kumi na wanne. Kumi na mmoja ni wa upande ambao usingekuwepo tena."

Hakuna aliyepiga makofi. Binti ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, bila kumtazama mtu.

"Nilikuuliza, mama. Nilikuja nikakuuliza."

Mama Shashi alitaka kujibu. Maneno aliyokuwa nayo yote yalikuwa ya sehemu ya kwanza ya siku; ya sehemu hii hakuwa amefanya mazoezi. Macho yake yalishuka kwenye ukurasa wa mwisho uliofunguliwa mezani, pale penseli ya bingwa ilipoweka alama kando ya namba thelathini na moja. Ilikuwa alama ya wasiobadilishiwa.

Bingwa aliamuru kila mtu aliyemo kwenye daftari apigiwe simu, aelezwe ukweli wote, kura yake na lililotokea, na aombwe radhi. Kazi hiyo ilimwangukia binti. Alipiga simu mchana kutwa, na safari hii, wanasema, aliuliza mara tatu tatu.

Asubuhi iliyofuata msusi alikuja kwa mlango wa nyuma, saa kumi na mbili na nusu, kama kawaida. Hakupanda kitandani. Alisimama akijishika ubavu.

"Yule binti amenipigia jana. Ameniomba radhi. Yeye!"

Mama Shashi alikuwa akipanga trei. Aliendelea kuipanga, ingawa ilikuwa imekwishapangika.

"Sikujua kura yako," alisema. "Wallahi sikujua kura ya mtu yeyote."

"Hukujua. Lakini ulijua watu wanaoza na hawahesabiwi."

"Niliwatibu wote. Nani hakupona?"

"Dada, sijasema hukuwatibu." Msusi alitafuta pumzi. "Nieleze tu nielewe. Kalamu ulikuwa nayo, mdomo ulikuwa nao. Ulikuwa unataka nini?"

Hapo Mama Shashi angeweza kusema habari za kompyuta, za feni, za kuitwa mchovu baada ya miaka ishirini na minne. Alikuwa nayo maelezo mengi. Lakini huyu alikuwa amemlea mwenyewe, na tangu utotoni alikuwa hadanganyiki.

"Nilimwonea wivu," alisema. "Nilitaka wajue kwamba ni mimi. Kwamba vidonda ni vyangu."

Msusi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la swali la zamani. Hakufoka. Mama Shashi angeshukuru kama angefoka.

"Haya," alisema. "Kaniitie yule binti aje anifunge."

"Yule?" Kibano kiligonga trei. "Yule hajui kufunga kidonda kirefu kama hiki. Mkono wake mzito. Atakuumiza, mdogo wangu."

"Najua ataniumiza. Kaniitie, dada."

Alikwenda. Hakumtuma mtu, alikwenda mwenyewe, akabisha hodi kwenye mlango wa ofisi ya utafiti, ambao hakuwahi kuugonga. Binti alikuja, macho yamevimba, akanawa kwenye bomba linalodondoka, akavaa glavu. Msusi akapanda kitandani. Chumba hakikuwa cha watu watatu, kwa hiyo Mama Shashi akatoka nje, akaurudishia mlango.

Alisikia plasta ikibanduliwa. Akasikia mdogo wake akiguna kwa maumivu mahali ambapo yeye asingemgusa vile. Kisha akamsikia binti akiuliza, "Usiku unalalaje?" na msusi akianza kueleza: kwamba usiku analala ameketi, kwamba kuna mchomo unaoshuka hadi mguuni, kwamba jioni homa inampanda, na kwamba hayo yote hakumwambia dada yake kwa wiki sita, asije akamvunja moyo.

Ndani, msusi aliendelea kueleza, na Mama Shashi alibaki nje akisikiliza hadi mwisho.